Aliyetangulia Kuuliza

Ukurasa ulifunguka haraka mno, na hilo ndilo lililomshtua Naila.

Katika kile kituo cha kulinda mayai ya kasa, jirani na Saadani, mtandao ulitoka angani kwa dishi, ukijikokota mpaka watu wakachemsha chai wakiusubiri. Ndipo Masoud, mumewe na fundi wa hapo, alipofunga sava ya akiba stoo.

"Ukurasa ukishafunguliwa na mmoja wetu, sava inauhifadhi," alijigamba. "Wa pili akiutaka, hausubiriwi tena kutoka angani. Upo hapa hapa."

Kwa hiyo kinachofunguka chap kimeshaulizwa na mtu. Sasa nani, kwenye kituo ambako Naila mpishi ndiye mwanamke pekee, aliyewahi kuuliza dalili za mimba kuharibika?

Alikuwa amepoteza mbili. Hii ya tatu aliificha hata kwa Masoud. Akauliza jingine: mtoto huanza kucheza lini tumboni? Jibu likaja kabla hajaondoa kidole, na kule stoo, ambako feni ya sava huvuma mchana kutwa, akasikia ule mvumo ukivutwa ndani na kutolewa nje, taratibu, kama pumzi ya mtu anayesoma pamoja naye, na harufu ya udi ikatambaa chini ya mlango ikamfikia puani, ilhali nyumba ile haikuwa na chetezo wala mtu wa kufukiza.

Alimweleza mumewe yote, akilia. Masoud hakucheka.

"Hata mimi nimeusikia huo udi," alinong'ona. "Nikajidanganya kuwa ni waya unaungua."

Wakamwita Mwalimu Mwinyijuma kutoka Bagamoyo, mtu wa visomo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Alinusa mlangoni pa stoo, akarudi nyuma. "Huyu ni jini mwanamke, na anataka mtoto. Umeshamchagulia jina?"

"Moyoni tu."

"Basi likae humo humo. Usilitamke, usiliandike. Akilijua atamwita, na mtoto ataitika."

Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Masoud akafuta kila kilichokuwamo kwenye sava, akaichomoa kwenye umeme. Udi ukatoweka.

Mtandao ukarudia kujikokota, wenzao wakanung'unika, Naila akashukuru Mungu. Kila ukurasa uliochelewa ulimfariji: maana yake hakuna aliyemtangulia. Tumbo likaanza kuonekana, ingawa mtoto alikuwa bado hajacheza.

Alasiri moja Masoud alikuwa barazani na simu, uso umemchangamka.

"Jina lako libaki moyoni," alisema. "Mimi nimetafuta jingine la kumzugia huyo shetani. Nimejaribu chungu nzima mtandaoni, yote yanasuasua. Moja tu limefunguka chap."

Naila akaruka kumziba mdomo. "Masoud, usilita—"

"Sihaba. Zuri, sivyo?"

Ndilo Naila alilolichagua moyoni, kwa kuwa mmoja, baada ya kupoteza wawili, si haba. Na hakuwahi kumwambia kiumbe. Kule stoo, waya ukining'inia bila umeme, feni ikavuta pumzi, harufu ya udi ikajaa baraza zima, na sauti laini ya kike ikalirudia lile jina kwa mapenzi, mara moja tu.

Tumboni, kwa mara ya kwanza, mtoto akacheza.