Shangazi wa Gauni la Buluu

Mwalimu mkuu alimkuta Fundi karakanani hata brashi hajalowesha, akamwuliza kwa adabu ni siku gani alipita shuleni kuirekebisha ile picha ya ofisini.

"Mimi?" Fundi alicheka. "Mwalimu, picha nikishaikabidhi siigusi tena. Nikianza kurekebisha, nitazeeka na picha moja mkononi."

Mwalimu hakucheka. "Basi yule mama wa gauni la buluu amesogea mwenyewe."

Fundi alikuwa mchoraji wa picha za maisha. Maua na simba aliwaachia wengine. Yeye alichora foleni ya zahanati, majirani wakimwezekea mjane nyumba, baba mlevi akiingia kwake huku watoto wamejibanza nyuma ya mlango. Watu walizipenda kwa sababu walijiona humo, na wengine walizichukia kwa sababu hiyohiyo. Kinyozi aliitundika ile ya mlevi mbele ya kiti chake, akiapa kwamba wateja wawili wameacha pombe kwa aibu ya kutazamana nayo wakinyolewa.

Ila picha ya watu wengi haikosi pembe moja inayobaki wazi, na pembe wazi ilimkera Fundi kuliko jino bovu. Uso wa mtu ni kazi ya siku nzima, mgongo ni kazi ya dakika kumi. Kwa hiyo miaka yote hiyo alijazia pembe zake kwa mwanamke mmoja, kaupa mgongo ulimwengu, gauni la buluu, kikapu mkononi. Hakumwiga mtu yeyote. Mkewe, aliyekuwa akishona nguo chumba cha mbele, ndiye aliyembatiza Shangazi, maana kila ukoo una shangazi anayetokea bila kualikwa. "Na leo Shangazi umemsimamisha wapi?" alikuwa akiuliza, na binti yao wa miaka saba, waliyemwita Kasuku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika, alikuwa akikimbia kumtafuta. Lilikuwa jambo la kuchekesha nyumbani, na hakuna aliyeliwazia zaidi ya hapo.

Shuleni Fundi aliikuta picha ukutani, ya familia moja ikila mezani. Alikumbuka vizuri kwamba Shangazi alimchora nje ya mlango. Sasa alikuwa ndani, nyuma ya kiti cha mtoto mdogo kuliko wote. Chumba kilinuka tapentaini ya kuchanganyia rangi. Fundi alipitisha kidole kwenye lile gauni, na kidole kikarudi na rangi mbichi. Picha ilikuwa na miaka minne ukutani.

"Labda nilisahau," alisema, akajua anadanganya.

Kwa kinyozi, Shangazi alikuwa amejibanza nyuma ya mlango pamoja na watoto wa mlevi. Kinyozi alimvuta pembeni, akanong'ona mteja asisikie. "Mchana nikibaki peke yangu nasikia kitu kinakwaruza kitambaa cha picha. Kwaru, kwaru. Nikaweka sumu ya panya. Fundi, si panya."

Kule zahanati, muuguzi alikuwa ameigeuza picha ikatazama ukuta. "Watoto wanalia wakikaa upande huu," alisema. "Na wasiolia ndio wananitisha."

Hapo Fundi akakumbuka picha ya kwake. Ilikuwa sebuleni, moja tu aliyowahi kuchora ya watu wa nyumba yake: mkewe kwenye cherehani, yeye na brashi zake, Kasuku kwenye ngazi akimenya maharage. Na kwa kuwa pembe ya uani ilibaki wazi, alimweka Shangazi kwenye ua, akapangusa mikono. Alitoka zahanati akitembea, na kufika njiani akajikuta anakimbia.

Shangazi alikuwa amevuka nusu ya uwanja. Kasuku alikaa sakafuni chini ya picha, mikono mapajani, kimya.

"Mama, unaumwa?" Fundi alimwuliza, akichuchumaa.

Mtoto alijibu chinichini bila kuinua kichwa. "Shangazi anasema mtoto mwenye adabu hasemisemi."

"Shangazi gani?"

"Anasema nikikaa hivi hivi, hatachelewa kufika."

Mkewe alisimama mlangoni na mkasi mkononi. "Tangu asubuhi yuko hivyo," alisema.

Fundi aliifunika picha kwa shuka, akaipeleka karakanani, akafunga kwa kufuli. Haikusaidia kitu. Harufu ya tapentaini iliingia hadi kwenye unga, hadi kwenye nywele za mtoto, na siku ya tatu, mchana kweupe, walisikia kule kukwaruza kukitoka si karakanani bali nyuma ya kabati, kisha chini ya kitanda, kisha karibu kabisa na mto aliolalia Kasuku, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeipenda kazi yake, na Fundi alipofungua karakana na kuivuta ile shuka aliona kwamba Shangazi amefika kwenye ngazi na kumwinamia mtoto, na kwamba pale alipouchora mdomo wa binti yake, ule mdomo mdogo uliomchukua asubuhi nzima kuupata, sasa palikuwa na ngozi tupu.

Mkewe hakusubiri kuambiwa. Alikwenda kumleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye miwani mizito na haraka ya mtu aliyeacha wagonjwa wengine nyumbani. Mganga alinusa mlangoni, akamtazama Kasuku, akaitazama picha, akamgeukia Fundi.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu. Ni wa kujazia tu."

"Wa kujazia!" Mganga aligonga kiganja kwa hasira. "Jini anahangaika miaka na miaka akitafuta mwili usio na mwenyewe. Wewe umemchorea. Mkeo akampa nafasi ya ukoo. Halafu mkamgawa nyumba kwa nyumba. Mlitaka afanye nini, abaki uani?"

"Tumtoeje?" mke aliuliza.

"Mkono uliomleta umkwangue, picha zote, leo, kabla jua halijazama. Na alipotoka pasibaki wazi hata nukta. Mchore hapo mtu mwenye wenyewe, anayejulikana, na akubali kwa mdomo wake. Nisikilize vizuri, Fundi. Uso mbele. Ukichora mgongo mwingine, mgongo ni wake."

Kazi ile Fundi hakuwahi kuifanya maishani. Alikwangua kwa kisu shuleni, na mwalimu mkuu akasema "nakubali", akachorwa anatazama mbele. Alikwangua kwa kinyozi, na kinyozi akakubali, akaomba apunguziwe tumbo kidogo. Muuguzi akakubali. Picha ikafuata picha, na kila mara kisu kilipogusa lile gauni kitambaa kilitetemeka mkononi kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza inzi. Alipofika kwake ilibaki picha moja, na jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa ua.

"Mimi nitasimama hapo," mkewe alisema.

"Hapana. Nakubali mimi," Fundi alisema kwa sauti, na mganga akaitikia kwa kichwa, akamchukua mama aende akamshike mtoto.

Alikwangua. Kitu kilimpumulia sikioni, na hakugeuka. Kutoka ndani alimsikia Kasuku akikoroma kwa shida, kama mtu anayetafuta hewa bila mdomo, na mkewe akilia "Baba, fanya haraka, anatuponyoka," na mwanga ukazidi kukonda juu ya ua, na Fundi akaanza paji la uso, akakosea, akafuta, akaanza tena, na rangi ikateleza juu ya rangi, na mtoto akanyamaza kabisa, na katika hofu ile, hofu aliyoihisi hadi kwenye meno, mkono wake ukafanya peke yake kile ulichofanya miaka yote kila pembe inapobaki wazi. Dakika kumi hazikuisha. Pembe ikajaa. Jua likazama.

Harufu ya tapentaini ikakatika. Ndani mtoto alilia kwa nguvu, kisha akaomba uji, kisha akauliza kwa nini uji hauna sukari, na Fundi akaegemea ukuta akabubujikwa na machozi ya furaha. Ndipo alipoitazama picha. Alikuwa amejichora mgongo.

Alinawa mikono, akaingia sebuleni bila kujua ataanzaje kusema. Mganga alikuwa ameshakimbilia wagonjwa wake. Kasuku alikuwa mapajani kwa mama yake, anapiga domo, uji kidevuni. Alipomwona mlangoni alinyamaza, akakaa vizuri.

"Shikamoo, shangazi."

Fundi alisubiri mkewe acheke. Mkewe alivuta kiti, akakipangusa kwa mkono.

"Karibu, wifi," alisema. "Kaka yako yuko karakanani, anamalizia picha. Ataingia sasa hivi."