Kisanduku Kisicho na Skrubu

Siku ya soko, duka la Ndayisaba hujaa mpaka kizingitini. Kuna waliovuka mpaka kutoka Goma kutafuta chaja, kuna wanafunzi wanaotaka flashi, na kuna waliokimbia mvua tu, hawana hata mia mfukoni. Katikati ya msongamano huo alisimama Kaltumu, kitenge cha manjano kiunoni, mtandio wa zambarau kichwani, amekishika kwa mikono miwili kikompyuta cheupe kisichozidi mkate kwa ukubwa. Alikigeuza juu chini. Akakinusa. Ndiyo, alikinusa, maana Kaltumu wa Majengo hushuku hata maziwa ya mamake.

"Skrubu ziko wapi?"

"Hazipo, dada. Hii njo ya kisasa," Ndayisaba alijibu nyuma ya kaunta yake. "Haipige kelele, haikule umeme. Unaweka kwa meza, basi."

"Na siku inakufa?"

"Haikufe."

"Kila kitu kinakufa, Ndayisaba. Hata wewe."

Watu wakacheka, na aliyecheka zaidi alikuwa mwanamume mmoja nyuma yake, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimejaa vumbi jeusi la volkano.

"Usichukue, dada," alisema. "Humo ndani memori na diski vimelehemewa palepale. Huongeze, hubadilishe. Kama unaandika barua tu, bon, nunua, itakutosha miaka. Unafanya kazi gani?"

"We polisi?"

"Mi mwalimu wa kompyuta. Naitwa Byiringiro."

Kaltumu akamwambia shingo upande. Alitengeneza kadi za harusi na mabango ya picha katika kiduka alichoachiwa na marehemu babake. Mashine yake ilikuwa imekufa, msimu wa harusi umeingia, na wateja walishaanza kuvuka barabara kwa mpinzani wake Mukasine. Akikosea kununua, kiduka cha baba kinafungwa.

"Picha! Yebabawe!" Byiringiro alishika kichwa. "Mwaka kesho programu zitanenepa, na hii itabaki na tumbo ileile. Chukua ile kompyuta nyeusi kubwa. Iko mbaya, lakini inafunguka."

Alinunua ile nyeusi. Byiringiro akaibeba mpaka kwenye moto, pikipiki ya abiria, akaomba namba ya simu, eti ikileta shida ampigie. Kaltumu akampa namba ya uongo. Pikipiki ilipowaka, akamwambia dereva asubiri, akarudi kumpa ya kweli.

Simu zikaanza.

"Mashine inakohoa?"

"Haikohoe. We je?"

"Mi njo nakohoa. Sikukuona tangu jana."

"Enda kwa daktari."

"Daktari iko Majengo, cheri. Anatengeneza kadi za harusi za watu, yake hajatengeneza."

Kaltumu alicheka mpaka akaziba mdomo. Akikata simu tu, roho inageuka: huyu mutu anataka nini kwangu? Hata hivyo Jumapili walikaa ufukweni mwa ziwa wakila sambaza, vile visamaki vidogo, kwa pilipili, wakihesabu mitumbwi, na alikuwa amerudia kupaka wanja aliouacha zamani. Alimpenda, jamani. Alimpenda akiwa ameshikilia pochi yake kwa nguvu.

Sasa, mjini kwetu anayemleta mteja hupata chake kwa muuzaji. Iwe nyumba, mbuzi au simu, komisiyo ni komisiyo na haina aibu. Hata Kaltumu alipata yake kwa muuza karatasi. Lakini mtu wa komisiyo huchukua na kwenda zake. Hakuiti "roho yangu" baadaye.

Asubuhi moja alikwenda kununua wino. Alikuwa nyuma ya mwavuli wa muuza parachichi aliposikia sauti ya Ndayisaba ikivuka barabara.

"Mwalimu! Komisiyo yako ya yule dada wa Majengo, nilikupa yote, sivyo? Sikukuibia?"

Byiringiro, ng'ambo, akainua kidole gumba. "Yote, kaka! Hukuniibia!"

Kaltumu hakununua wino. Alifika kidukani kwake akiwa ameshapiga simu.

"Ulikula komisiyo juu yangu?"

"Kaltumu, ngoja..."

"Ulikula, hukukula?"

"Nilichukua, ndiyo, lakini..."

"Umeniuza kama mbuzi!" Akakata. Akaifunga namba yake isiite tena. Kisha akalia juu ya kadi ya harusi ya watu wa Nyakiriba mpaka wino ukachuruzika, akalazimika kuichapa upya.

Na mwenye kushuku haishii kwa mtu. Ikiwa mwalimu ni tapeli, basi na mashine ni takataka tu. Akashika bisibisi, akafungua ubavu, akainamia ndani akitafuta uchafu. Alikuwa amelipia memori moja. Mle ndani zilikaa mbili.

Mwingine angefurahi. Kaltumu aliichomoa ile ya pili akijua ni bandia. Mashine ikaanza kujikokota. Akairudisha, ikakimbia. Akaichomoa tena, akaifunga kwenye leso, akaenda nayo kwa Ndayisaba.

"Hii ya nani?"

"Yako."

"Sikulipa mbili."

Ndayisaba akakuna shingo. "Ile njo komisiyo ya mwalimu. Alikataa pesa. Alisema niweke memori ndani, na nisikuambie. Eti ukijua, utashuku anataka kitu."

Kaltumu akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Mama wee.

Alimkuta Byiringiro ameketi kwenye ukuta wa shule, saa za mapumziko, simu yake ameiweka pembeni. Byiringiro hakusimama.

"Nimefungua mashine," Kaltumu alisema. "Nimeona."

"Bon. Umefungua, umeona, donc umeamini. Na mi, Kaltumu? Mi sina skrubu. Kesho utasikia lingine barabarani. Utanifungulia wapi?"

Machozi ya Kaltumu yalishuka na wanja. "Mi naogopa," alisema. "Naogopa kitu kinifie mikononi na siwezi kukifungua. Lakini siku hizi bila sauti yako, mi mwenyewe nilikuwa nimekufa. Nisamehe, mupenzi."

"Nilitaka kutuma wazee kwenu mwezi huu," Byiringiro alisema polepole. "Sasa naogopa mimi. Shangazi zako watauliza mtaa mzima habari zangu, na we utakuwa mbele yao."

Hapo simu iliyokuwa pembeni ikaita. Kaltumu aliliona jina kabla hajataka: la mwanamke, na moyo mwekundu ubavuni. Swali likampanda kooni. Alilimeza kwa shida, akaichukua simu, akaigeuza uso chini, akamwekea mkononi.

"Pokea."

"Huulize ni nani?"

"Siulize. Na shangazi nitawakataza kuuliza. Tuma wazee wako."

Simu iliita mpaka ikanyamaza yenyewe, kwa sababu mikono ya Byiringiro ilikuwa imeshika ya Kaltumu, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakipiga miluzi.

Wameoana. Kadi alichapa mwenyewe. Mpaka leo hajamuuliza yule mwanamke alikuwa nani. Mimi ningeuliza.