Peni ya Bibi Aliyegeuza Uso

Jumatatu sarafu ile ya peni haikuwa na mwaka. Alhamisi ilikuwa nao.

Hilda Ormerod aliisogeza karibu na taa ya mezani, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akaitazama tena. Kwenye ukingo wake mpana tarakimu nne zilikuwa zimezama vizuri ndani ya shaba: 1797. Siku tatu nyuma, kwenye meza hii hii, alikuwa ameigeuzageuza kwa dakika nzima asione hata tarakimu moja. Ilikuwa imelika pande zote mbili, imebaki laini kama kipande cha sabuni ya mwisho. Mfalme hayupo upande huu, Bibi Britania, yule mwanamke anayechorwa kuwa sura ya Uingereza, hayupo upande ule. Hilda alivua kioo akajisugua macho. Nimechoka tu, alijiambia, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, hakujiuliza zaidi.

Alikuwa na haki ya kuchoka. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akithamini sarafu za kale katika kiduka chake cha Halifax, kaskazini mwa Uingereza, kwenye mtaa wa mteremko unaovunja magoti, ubavuni mwa duka la pai. Watu walimletea makopo ya biskuti yaliyojaa sarafu za marehemu babu zao, wakitegemea kutoka matajiri, naye akawaambia ukweli, wakatoka wamenuna. Hakuwahi kudanganya mtu. Hilda akisema sarafu ni chakavu, basi ni chakavu, na wafanyabiashara wa Leeds na Manchester walilichukua neno lake bila kulipima tena.

Sasa aliongezewa kazi ya pili. Alec, mumewe, dereva wa basi aliyestaafu, alipigwa na kiharusi mwezi wa kumi. Mguu wa kushoto ukafa, na mkono wa kulia ukapata kichaa chake: vidole havikutulia, vilichambua blanketi uzi kwa uzi mpaka likabaki matundu. Hilda alimwinua, akamwogesha, akamlisha, akarudi dukani akiwa na harufu ya dawa mikononi. Kilichobaki kizima kwa Alec kilikuwa uso wake. Ulikuwa uso wenye mikunjo mingi ya kucheka, na kovu la kidevuni alilolipata kwa kuanguka na baiskeli akienda kumchumbia. Hilda aliupenda uso huo kuliko kitu chochote kilichowahi kupita chini ya kioo chake.

Peni ilikuja Jumatatu na Edna Cropper, mjane wa miaka themanini, aliyeleta mkusanyiko wa marehemu mumewe Harold. Kila sarafu ilikuwa ndani ya kibahasha chake cha karatasi, imeandikwa mwaka na hali yake, kama wakusanyaji wanavyofanya. Peni ile peke yake ilikuwa ndani ya vibahasha vinne, kimoja ndani ya kingine, vimefungwa kwa uzi. Saa ya dawa ya Alec ilikuwa imekaribia. Hilda alikata uzi, akatoa sarafu, akavitupa vibahasha kwenye droo bila kuvisoma.

"Hii haina kitu, mama. Imelika yote. Hata pauni mbili hupati."

"Basi kaa nayo, mwanangu," alisema Edna haraka, mikono yake ameificha ndani ya mifuko ya koti.

Mtu wa sarafu hashiki uso wa sarafu. Huishika kwa ukingo, kwa ncha za vidole, maana jasho la mkono linaharibu. Lakini iliyokwisha kulika haina cha kuharibika, na watu wa kazi hii wana tabia ya kuitia mfukoni ili kidole gumba kipate mahali pa kuchezea. Ndivyo Hilda alivyofanya. Alimpelekea Alec peni kwenye chumba cha nyuma ya duka, akamwekea kiganjani. Kidole gumba kikaanza kuzunguka juu ya shaba, shwe, shwe, shwe, na blanketi likapumzika.

"Umenipa mshahara?" Alec aliuliza, mdomo ameupinda kidogo kwa utani. "Miaka thelathini na minane ya ndoa, ndiyo hii?"

"Na chenji nirudishie."

Alicheka mpaka mikunjo yote ikajikusanya. Hilda alienda kuchemsha chai akiwa na furaha, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi.

Ijumaa alikuja nesi Beryl kumpima Alec presha. "We mzee umenawiri! Makunyanzi yamekwenda wapi? Dada Hilda, unampaka nini huyu? Na mimi nipe."

Hilda alicheka naye. Baada ya Beryl kuondoka alisimama mbele ya mumewe, akamtazama kama anavyotazama sarafu, na kicheko kikamkauka. Mikunjo ya pembeni mwa macho haikuwapo. Paji la uso lilikuwa limenyooka. Alec hakuonekana kijana. Alionekana amefutwa.

Aliichukua tena peni mkononi mwa Alec, na ilibidi anyofoe kidole kimoja kimoja. Upande wa nyuma Bibi Britania alikuwa amerudi, ameketi juu ya mwamba wake, na mkuki wake wa ncha tatu, na mawimbi miguuni. Hilda ameshika maelfu ya peni za aina hiyo, na katika zote Bibi hutazama kushoto, baharini, na mtu humwona shavu moja tu. Huyu alikuwa amegeuka kidogo. Pua ilikuwa imesogea, na ukingo wa jicho la pili ulikuwa umechomoza.

Chumba kilinuka mwani. Kutoka Halifax hadi baharini ni zaidi ya maili arobaini.

Alifungia peni ndani ya sefu, akageuza ufunguo mara mbili, akaenda jikoni. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Februari liko dirishani, redio inaongea habari za mpira. Alikuwa akimenya viazi aliposikia shwe, shwe, shwe, na alipochungulia alimwona Alec ameketi wima, kiganja kitupu amekikunja, kidole gumba kinazunguka juu ya hewa.

"Alec. Acha."

"Siwezi," Alec alinong'ona. "Hilda, siyo mimi ninayesugua."

Siku mbili zilizofuata zilimkalia Hilda kifuani, kwa sababu kila alipofungua sefu Bibi alikuwa amegeuka zaidi na mikunjo ya vazi lake imekolea, na kila aliporudi chumba cha nyuma kitu kimoja zaidi cha Alec kilikuwa kimepungua, nyusi kwanza, halafu mistari ya midomo, halafu alama za vidole ambazo Hilda alizitafuta kwa kioo chake hiki hiki cha kazi akakuta ngozi tupu inayong'aa, na Jumapili alipokuwa akimnyoa, akipitisha wembe kwa uangalifu pale ambapo kwa miaka yote hiyo alikuwa amejifunza kuzunguka kovu, wembe ulipita moja kwa moja bila kukutana na chochote, na maji ndani ya beseni, alipoyaonja kwa ncha ya ulimi, yalikuwa ya chumvi.

Ndipo alipokumbuka vibahasha. Alivitoa kwenye droo, akavipanga mezani. Vilikuwa na miandiko minne, ya watu wanne.

Cha kwanza: *1871, Januari. Imelika kabisa. Nimempa mama aichezee, mikono inamtetemeka. Aprili. Kama imetoka kiwandani leo. Mama tumemzika, uso tumeufunika.*

Cha pili: *1909. Imelika kabisa. Nimempa mke wangu mgonjwa.* Chini yake, kwa wino mwingine: *Kama imetoka kiwandani. Mungu anisamehe.*

Cha tatu kilikuwa cha 1938, na habari ilikuwa ile ile, ila aliyezikwa alikuwa kaka. Kila mara mtu alipozikwa, peni ilirudi kuwa laini ikasubiri mwingine. Cha nne kilikuwa cha Harold Cropper: *1962. Sijaigusa wala sitaigusa. Yeyote utakayeipata, usimpe umpendaye.*

Alimpigia Edna simu, akamsomea maneno ya Harold.

Kisha Edna akauliza kwa sauti ya chini, "Umempa nani?"

"Mume wangu."

"Ole wangu. Mwanangu, Harold aliniagiza niizike naye, nikaogopa kuishika. Nikasema nikileta kwa mtaalamu, atasoma. Watu wa sarafu wanasoma kila kitu."

"Nilikuwa na haraka, mama," alisema Hilda, na hapo akalia. Miaka thelathini na minne hakuwahi kutupa karatasi bila kuisoma, akatupa ile moja.

Edna alimpa namba ya Kasisi Muriel Entwistle. Kila jimbo la kanisa lina mtu wake wa kazi hizo za kutoa mapepo, ingawa halimtangazi. Huko hawapendi kutamka neno jini, husema "kitu", wakashusha sauti, wakabadilisha mazungumzo. Kasisi Muriel alikuja Jumanne mchana kwa basi, mwanamke mnene mwenye mafua, na mkoba wa kubebea mboga. Aliomba chai, sukari mbili. Alimtazama Alec kwa muda mrefu. Alec sasa alikuwa na uso wa yai, macho mawili ya buluu yakiogopa katikati yake.

"Harufu ya bahari imejaa duka zima," Muriel alisema, akipenga kamasi. "Sikiliza, mpenzi. Peni hii imepita mikononi mwa watu laki moja, na hakuna hata mmoja aliyeitazama. Ililika mpaka ikabaki nyumba tupu, na nyumba tupu hupata mpangaji. Aliyemo ana njaa ya sura. Maombi nitayafanya mimi, lakini hayatamtoa peke yake. Anataka kuthaminiwa. Mtu asiyesema uongo amtazame machoni, amwambie thamani yake."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hana thamani."

"Na vya Alec alivyochukua?"

Muriel alishusha kikombe. "Siwezi kukuahidi. Tunagombania kilichobaki."

Hilda alileta peni kwenye kitambaa. Muriel akafungua kitabu chake akaanza kusoma, polepole, kwa pua iliyoziba. Hilda aliweka kioo jichoni.

Bibi Britania alikuwa amegeuka kabisa. Alimtazama Hilda moja kwa moja, na uso wake haukuwa wa Bibi yeyote, kwa maana pembeni mwa macho yale ya shaba palikuwa na mikunjo ya kucheka ambayo Hilda aliijua mmoja mmoja, na kwenye kidevu palikuwa na kovu la baiskeli, na mdomo ulipinda kidogo upande wa kushoto kana kwamba unataka kutania, na mawimbi chini yake yalikuwa yakisogea, na kutoka chumba kizima ilipanda sauti ya kusugua, kwenye meza, kwenye kuta, kwenye meno yake mwenyewe, na alijua kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona sarafu yenye thamani kama hii na hataiona tena.

"Sema," Muriel alinong'ona.

"Siwezi. Ni yeye."

"Hilda." Hiyo ilikuwa sauti ya Alec, nyembamba, ikitoka kwenye kitobo. "Sema, bibie. Nimechoka."

Hilda alimtazama Bibi machoni. "Huna thamani," alisema. Ulikuwa uongo wa kwanza wa maisha yake ya kazi, na aliusema bila kupepesa jicho.

Peni ililia mlio mrefu wa kengele, kisha ikanyamaza. Ilikuwa laini pande zote mbili. Mwani haukunuka tena. Muriel aliifunga ndani ya kitambaa, akaisukuma chini kabisa ya mkoba wake, akasema kuna mnara wa kanisa unaokarabatiwa na zege bado ni bichi.

Alipofika mlangoni alisita. "Ulikuwa unaamini ulichosema?"

Hilda alisema ndiyo. Muriel alimwangalia kidogo zaidi, lakini basi lilikuwa linakuja.

Alec hakufa. Alikula, alilala, aliitika alipoitwa. Beryl alileta madaktari wawili, wakaandika mengi, wakaondoka. Hakutania tena. Hilda alimpitishia kijiko kwenye midomo isiyo na ukingo, akafungua duka, akafunga duka, na usiku akalala kando ya mtu ambaye angempita barabarani asimjue.

Asubuhi moja ya Machi walikuwa mezani, uji unapoa. Alec aliinua mkono wa kulia, akaupeleka shavuni mwa mkewe. Kidole gumba kikatua chini ya jicho lake, palipochimbika kwa miaka mingi ya kukodolea shaba, kikaanza kuzunguka. Taratibu. Shwe, shwe.

Hilda alijua mpangaji yule amehamia wapi, na sasa anakula sura ya nani. Hakuna mtu Halifax nzima aliyejua vizuri kuliko yeye. Lakini mkono ulikuwa wa joto, na tangu mwezi wa kumi hakuna aliyemshika uso. Alifungua mdomo aseme acha, na hapo akaona, kwenye kona ya jicho la Alec, kwenye ngozi ile tupu, mkunjo mmoja mwembamba ukijichora. Ulikuwa wa Alec hasa, wa kucheka.

Alifunga mdomo, akavuta kiti chake karibu.