Mtungi wa Uchochoroni

Kila asubuhi Fadia alishuka ngazi za jengo lao na mtungi kichwani kwenda kuteka maji. Waliishi ghorofa ya nne, karibu na Ostia, bandari ya Roma, na maji hayapandi ngazi yenyewe. Kwenye bomba la mtaa wasichana walipiga soga, wakataniana, wakasukumana. Asubuhi hiyo Fadia alisukumwa kidogo tu, mtungi ukamponyoka ukapasuka juu ya mawe.

Alisimama akitazama vigae. Mama alikuwa na mkono mwepesi wa kuchapa, na mtungi ule aliupenda. Fadia akapitia uchochoro wa nyuma ya nyumba ya dobi, akizunguka ili achelewe kufika. Huko aliona mitungi imeinamishwa ukutani, sura na rangi kama wa kwao. Akajiambia kwamba imetupwa, ingawa hakumwuliza mtu. Alichukua mmoja, akausuuza, akaujaza maji na kupanda nao nyumbani. Mama alikuwa anasokota sufu na hakutazama hata mara moja.

Jioni mdogo wake, Manio, mwenye miaka mitano, alianza kutapika. Kesho yake akaharisha. Akilia maji anapewa, akinywa anatapika tena. Hakuna aliyeelewa. Wote walikula uji ule ule na zeituni zile zile. Mama na Bibi Opia, bibi wa watoto hawa, kama kawaida yao walikunywa maji ya moto yaliyotiwa mvinyo kidogo. Fadia alikunywa bombani kwa viganja. Hao wote walikuwa wazima, anayeteseka ni Manio peke yake.

"Mume wangu huyu kapigwa jicho," alisema Bibi Opia, akiishika hirizi iliyoning'inia shingoni mwa mtoto.

Ndipo Bibi akakumbuka. Bi Galla, mjane aliyehamia chumba cha jirani, alikuwa amemsifu Manio ngazini kwamba amenona, na hakutema mate pembeni kuondoa husuda. Nani humsifu mtoto wa mwenzake bila kutema mate? Bibi akajifunga shuka, akashuka kwenda kumwita msimamizi wa jengo ili mjane yule atolewe siku hiyo hiyo.

Fadia alichanganyikiwa. Bi Galla hakuwa na sura ya ubaya, lakini Bibi naye hakuwa mtu wa kusema uongo. Manio akalia tena kuomba maji. Mtungi ulikuwa mkavu, na Mama alikuwa amekwenda kununua mkate. Mlango wa jirani ukafunguliwa, Bi Galla akanyoosha kikombe bila kuvuka kizingiti.

"Mpe, binti yangu," alisema. "Najua ninavyosemwa. Mpe tu, midomo imemkauka."

Fadia alisita. Akampa. Manio alikunywa yote, akajilaza. Fadia alingoja atapike, asitapike. Mtoto akalala usingizi mwororo.

Sasa akili ilizidi kumvurugika. Maji ya mchawi yanatuliza tumbo, maji ya nyumbani yanaliumiza? Alichukua mtungi aende kuteka mengine. Alipouinamia, harufu ikampiga puani. Ilikuwa hafifu, lakini kali, na aliwahi kuisikia mahali. Akashuka mbio hadi uchochoroni. Kijana wa dobi alikuwa amebeba mtungi kama ule ule, akimimina ndani ya beseni mkojo wa kufulia majoho, uliokusanywa kwa wapita njia. Fadia aliona aibu na hofu kwa pamoja.

Aliporudi juu, Bibi na msimamizi walikuwa wameshafika mlangoni kwa Bi Galla. Mjane alikuwa anafunga vitu vyake, akilia bila sauti. Mama naye alikuwa amesimama hapo na mkate mkononi.

"Bibi, si yeye," alisema Fadia.

"Mambo ya wakubwa haya. Pisha njia."

"Si jicho, Bibi. Ni mtungi. Niliuvunja wa kwetu, nikaogopa kusema, nikachukua wa dobi. Manio amekunywa maji ya mtungi wa mkojo."

Msimamizi alikohoa kuficha kicheko. Mama aliupokea mtungi, akaunusa, akaketi pale pale kwenye ngazi.

"Lakini niliusuuza, Mama," Fadia alisema, machozi yakimtoka.

"Udongo nao hunywa, mwanangu. Kilichokaa ndani yake hakitoki kwa kusuuza. Sisi tulichemsha, ndiyo maana tukasalimika. Mtungi usioujua ulibeba nini usiutilie maji ya kunywa, hata ukiwa umekauka vipi. Na wangu uliovunjika ulikuwa mtungi tu. Ningekuchapa, tungenunua mwingine, yakaisha."

Bibi Opia alimshika Fadia mkono, wakaingia kwa mjane. Akautwaa mzigo uliofungwa na kuanza kuufungua mwenyewe, akirudisha chombo kimoja kimoja mahali pake.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Wewe ulificha kosa dogo, likakua likawa ugonjwa. Mimi sikuuliza chochote, nikamtafuta mtu wa kumlaumu. Ungenyamaza kidogo tu zaidi, ningemtupa mwenzangu barabarani na mtoto angekufa huku nikijiona nina akili. Kosa lisemwe lingali la moto."

Akamgeukia Bi Galla. Ilimwia vigumu kumtazama usoni, lakini alimtazama.

"Dada, nimekukosea mbele za watu, na mbele za watu naomba radhi. Mtoto akiamka atataka maji, nasi hatuna mtungi. Tunaomba ya kwako."