Habari ya Zamani kwenye Ubao wa Mama Simone

Uvumi ule ulimfikia Mbuyu asubuhi ya Jumatatu, akiwa bado anapanga mafungu ya sombe, majani ya muhogo, juu ya meza yake katika soko la Manika. Asidi imeingia kwenye maji ya bomba. Hakuna aliyejua lori lilikuwa la nani wala lilipinduka wapi, ila kila aliyepita aliongeza lake: mara mbwa wa fulani amekufa, mara sufuria ya fulani imetoboka. Mbuyu alijiambia kwamba soko lina midomo mingi. Akachukua maji anyunyizie majani yake, mkono ukamsimama hewani. Maji yale aliyachota bombani alfajiri.

Aliyeupigilia uvumi huo msumari ni jirani yake wa meza, Abigaëlle, muuza nyanya.

"Mama Glodie, maneno ya soko mi pia siamini," alisema, akimwita Mbuyu kwa jina la bintiye. "Lakini hii iko ku ubao ya Mama Simone."

Basi amani ikamtoka. Kolwezi ni mji ambao malori ya asidi hupita kila siku kuelekea migodini, na mtu akisikia neno hilo haulizi mara mbili. Tena Mama Simone hakuwa mtu wa kusema ovyo.

Kwa miaka ishirini na mmoja Mama Simone alikuwa mtunzaji wa maktaba ya parokia. Alikijua kila kitabu kwa mgongo wake, na kila mtoto kwa kitabu alichochelewa kukirudisha. Parokia ilipopata kompyuta, watu walidhani mama yule wa miaka hamsini na mbili angemwachia kijana kazi hiyo. Yeye akanunua daftari. Humo aliandika kila hatua kwa mkono: bonyeza hapa, ngoja, usibonyeze mara ya pili. Umeme ukikatika, na Kolwezi hukatika hata kama bwawa la umeme la Nzilo liko karibu, alifungua daftari na kujifunza kwa kidole juu ya meza tupu. Baada ya miezi mitatu maktaba ilikuwa na blogu yake kwenye mtandao. Alitangaza humo vitabu vilivyofika na majina ya watoto waliomaliza kusoma vitabu kumi.

Kisha akajifunza jambo jingine, milisho ya habari. Glodie, binti ya Mbuyu, mwenye miaka kumi na miwili, alimuuliza hicho ni kitu gani. Mama Simone akamweleza kwa mfano.

"Mbele nilikuwa napiga hodi ku kila mulango, nauliza kama habari iko," alisema. "Sasa niko na kitunga. Kila blogu ikiandika kitu, inakuja kukitia mu kitunga yangu. Mi nafungua tu, nachagua, kama sombe ya mama yako."

Nyumba nyingi za Manika hazikuwa na mega za kuingia mtandaoni. Kwa hiyo kila asubuhi alichagua habari tatu kutoka katika kitunga chake na kuziandika kwa chaki kwenye ubao mweusi kando ya lango la maktaba. Waendao sokoni walisimama kusoma, na asiyejua kusoma alisomewa. Mbuyu mwenyewe, aliyeishia darasa la sita la msingi, alikuwa akipita njia ile makusudi, ingawa siku mbili kabla ya Jumatatu ile hakupita. Ubao ule ulimfanya ajisikie bado yuko shuleni. Mara mbili aliwahi kusema kanisani kwamba mwanamke akitaka kujua maana ya bidii, aende amtazame Simone.

Ndiyo sababu jioni ile alipofika nyumbani alilifunga bomba la uani kwa kamba, vifundo viwili. Akamwambia Glodie kwamba kuanzia sasa watachota maji kijitoni, chini ya mtaa. Akazunguka nyumba sita za majirani kuwaonya. Alifanya hivyo kwa upendo, na hakuna aliyemuuliza alikuwa na hakika gani, maana alilitaja jina la Mama Simone.

Kijito kile kilikuwa kinang'aa kwa juu. Lakini mwendo wa dakika kumi kutoka pale, upande wa juu, vijana wachimbaji walikuwa wakiosha mifuko ya mawe ya shaba na kobalti. Mbuyu alijua. Alijisemea kwamba matope ni afadhali kuliko asidi, na kwa haraka ya siku zile hakuona haja ya kuchemsha maji yake.

Glodie alikunywa. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Alikunywa kimya, na kimya chake kilikuwa na sababu yake.

Jumamosi iliyotangulia alikuwa maktaba, amesimama nyuma ya kiti cha Mama Simone. Mama Simone alikuwa ameongeza blogu mpya kwenye kitunga, na ghafla habari zikamiminika, zaidi ya thelathini kwa mara moja, kila moja na alama ya "mpya". Ya tatu ilisema: Lori la asidi lapinduka, wananchi waonywa wasinywe maji. Mama Simone akachukua chaki na kutoka mbio. Glodie alibaki mbele ya kioo cha kompyuta. Chini ya kichwa cha habari, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, aliona tarehe. Siku ilikuwa nyingine, mwezi mwingine, na mwaka ulikuwa wa miaka miwili nyuma.

Alitaka kumfuata. Halafu akafikiri: mi ni nani nimukosoe Mama Simone? Pengine nimesoma vibaya. Akachukua kitabu chake akaenda nyumbani.

Alhamisi asubuhi Glodie hakuweza kuinuka kitandani. Tumbo lilikuwa limemkata usiku kucha, alikuwa ametapika mara tano, na midomo ilikuwa imekauka. Mbuyu hakufungua meza yake siku hiyo. Alimfunga binti yake mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia, akasimamisha taxi-moto, pikipiki ya kukodi, wakaenda mpaka kituo cha afya.

Muuguzi, aliyeitwa kwa heshima Tata Omer, alimpa Glodie maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Huku akihesabu vijiko aliuliza maji ya kunywa wanayatoa wapi. Mbuyu alimjibu kwa fahari kidogo kwamba bombani hawagusi tena, wameshahama kwenda kijitoni kwa sababu ya ile asidi. Tata Omer aliweka kijiko chini.

"Mama, asidi gani?" aliuliza. "Ikianguka asidi mu mayi ya muji, batu ba kwanza kuambiwa ni sisi. Mi sijapata karatasi, sijapata simu."

Pale pale alipiga simu kwenye ofisi ya afya ya eneo. Hawakuwa na habari yoyote ya lori. Akageuka kumwambia Mbuyu kwamba maji ya bomba ayachemshe kama siku zote, lakini ya kijito kile asimpe hata kuku. Akaongeza, bila ukali, kwamba Glodie alikuwa mtoto wa nne kutoka mtaa ule tangu Jumatano.

Mbuyu alikaa kwenye benchi. Wanne. Alizihesabu kwa vidole nyumba sita alizozizungukia. Ndipo Glodie alipomvuta kitenge.

"Mama, mi niliona mwaka," alisema kwa sauti ya chini. "Ku kompyuta. Ile habari ilikuwa ya zamani. Niliogopa kusema."

Mbuyu hakumgombeza. Alimuuliza tu mara mbili kama ana hakika, akamwachia Tata Omer mtoto, akaenda maktaba kwa miguu. Njiani alipanga maneno makali, maneno ya mama aliyeponea chupuchupu kumpoteza mtoto. Alipofika akakuta yote yamemkimbia, isipokuwa moja.

"Simone, Glodie amelazwa," alisema.

Akamsimulia ya kijito na ya mwaka aliouona Glodie, na Mama Simone alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha akafungua kompyuta, akaitafuta ile habari, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Akaisoma tarehe kwa sauti. Lori lilipinduka kweli, miaka miwili iliyopita, mbali kwenye barabara ya Tenke. Alirudi kwenye daftari lake, akageuza kurasa polepole, na akaelewa. Unapoongeza blogu mpya, kitunga huchota hata maandiko yake ya zamani na kuyaleta yote pamoja. Neno "mpya" lilimaanisha tu kwamba yamefika sasa hivi. Halikusema yameandikwa lini. Somo hilo hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Mtu mwingine angekishika kitambaa cha ubao na kufuta. Mama Simone hakufuta. Aliyapiga mstari maneno yale, ambayo tangu Jumamosi alikuwa ameyaacha ubaoni kama onyo, yakabaki yanasomeka, na chini yake akaandika: Habari hii ni ya miaka miwili iliyopita. Niliiandika bila kusoma tarehe. Kosa ni langu, Simone. Maji ya kijito ni hatari. Akaandika hivyo hivyo kwenye blogu ya maktaba. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja, alifunga maktaba saa za kazi. Akaenda sokoni meza kwa meza akisema kosa lake kwa mdomo wake.

Mbuyu alimfuata nyuma. Alisikia waliomcheka na waliomtukana. Abigaëlle alimwambia mbele ya wateja kwamba kitunga chake cha habari kina matundu.

"Iko na matundu, mama," Mama Simone alijibu. "Ndiyo maana natembea. Nataka kuokota byote bilianguka."

Abigaëlle alifunga meza yake akaenda nao mpaka mwisho wa soko.

Jioni hiyo Mbuyu alirudi kwenye zile nyumba sita, na alipiga hodi kwa shida zaidi kuliko Jumatatu. Kusema "niliwadanganya bila kujua" kulimwia kuzito. Lakini alikuwa amemwona mwenzake akisema kosa lake mbele ya soko zima, na jambo ulilomwona mtu akilifanya mchana kweupe huna tena udhuru wa kulikwepa. Jumapili, baada ya misa, Mama Simone alisimama tena, akalisema kosa lake mbele ya wote.

Glodie na wale watatu wengine walipona. Glodie aliporudi maktaba, mwembamba kidogo, alisimama mlangoni kama mkosaji. Mama Simone alimwita, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe mbele ya kompyuta, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Mutoto wangu, kuheshimu mukubwa si kumuacha aanguke mu shimo na we unaliona," alimwambia. "Siku nyingine univute nguo. Uniambie polepole: mama, angalia hapa. Sitakasirika. Na kama nikikasirika, useme tu." Kisha akamwambia kazi yao mpya: kuanzia siku hiyo hakuna habari itakayotoka kwenda ubaoni kabla ya watu wawili kusoma tarehe yake, na mmoja wao awe mtoto, kwa kuwa macho ya watoto yanaona herufi ndogo.

Mbuyu alikuwa amesimama pembeni akisikiliza. Akaomba chaki. Upande wa kulia wa ubao ulikuwa mtupu, na mkono wake ulikuwa haujaandika ubaoni tangu darasa la sita. Herufi zilipanda mlima kidogo, lakini zilisomeka kutoka barabarani:

Mambo ya kuepuka

Usibebe habari kabla ya kusoma siku, mwezi na mwaka wake.

Usiamini jambo kwa sababu tu aliyelisema ni mtu mwema. Mtu mwema pia hukosea.

Usiwaonye majirani juu ya maji au dawa kabla ya kuuliza kituo cha afya.

Usichote maji chini ya mahali wanapooshea mawe, hata yakiwa yanang'aa.

Usinywe maji yasiyochemshwa.

Usinyamaze ukiona mkubwa amekosea.

Usifute kosa lako kimya kimya.

Usingoje mtoto augue ndipo uulize.