Mguu Mwingine Kwenye Breki

Nilipanda hadi kijiji cha Tumling kuchukua viazi. Viazi tu, vya kupeleka sokoni chini, Maane Bhanjyang, na mitungi mitupu ya gesi. Nayasema haya mapema kwa sababu huko chini wameshaanza maneno, eti mimi Yangji nilikwenda mwenyewe kumchokoza yule wa konani. Sikumchokoza mtu mimi. Nilikwenda kuchukua viazi.

Jua lilikuwa linazama na ukungu ulishaanza kupanda kutoka upande wa Nepal. Mjomba Singbir, dereva mkongwe kuliko wote wa Landrova kwenye mlima wetu, alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu langu na glasi ya chai mkononi, anachungulia.

"Umefanya nini humu?"

"Breki, Mjomba. Ngoma kubwa, za ile Landrova ndefu. Na masta silinda nyembamba ya kusukuma mafuta ya breki, ili mguu upate nguvu."

"Na busta ya kuusaidia mguu?"

"Sina busta. Injini ya marehemu baba ikifika huku juu inahema kama mzee wa pumu. Pumzi ya kuigawia busta itaitoa wapi?"

"Basi mguu mtupu. Utaota paja la tembo, binti, tukose wa kukuoa."

"Atakayeogopa paja langu asije."

Madereva wengine wakaangua kicheko. Mjomba akacheka nao, kisha akanisogelea na kushusha sauti.

"Ukifika kwa Shemeji, toa mguu. Kidogo tu. Mpe zamu yake."

Kila dereva hapa anaijua Kona ya Shemeji. Zamani, kabla sijazaliwa, bibi harusi, ndiye huyo Shemeji, alianguka pale na gari lililokuwa linampeleka kwa mumewe. Tangu hapo, kila anayeteremka akifika kwenye kona anainua mguu kutoka kwenye breki, gari lijiendee lenyewe kidogo, eti breki akanyage yeye. Wengine wanasema ni ujanja tu wa wazee, maana breki ndogo za zamani zilikuwa zinachemka kwenye mteremko na ukiziachia zinapoa. Sijui. Ninachojua ni kwamba baba yangu aliinua mguu pale maisha yake yote ya udereva. Siku moja akainua, na breki yake hakurudishiwa. Tulimkuta chini kwenye mianzi.

"Mjomba," nikamwambia, "baba alitoa. Mimi sitoi."

"Usishindane na wasioonekana, mwanangu."

"Na wao wasishindane na mimi."

Nikawasha gari. Kiburi? Ndiyo, kiburi. Lilikuwa gari lile lile la baba. Tulilivuta kutoka bondeni kwa kamba, nikalinyoosha bati kwa bati kwa mikono hii. Ama lingenifikisha nyumbani jioni ile, ama kona ingekuwa imekula wawili wa nyumba moja.

Ukungu ukanifunika mapema. Breki zilikuwa zinashika. Nzito, lakini zinasema ukweli. Breki isiyo na busta haikufichi kitu. Jiwe likikwaruza, ngoma ikipata joto, unyayo unajua kabla ya sikio.

Halafu ikaja harufu.

Mafuta ya haradali… na nywele zilizolowa.

Sikusimama. Naapa sikusimama popote. Mlango wa kushoto naufunga kwa kamba kwa sababu komeo lake lilishakufa, na kamba ilikuwa bado imefungwa vile vile. Lakini kwenye kiti palikuwa na mtu.

Mwanamke. Shali nyekundu imemfunika uso mzima. Kila gari liliporuka jiwe, bangili zake ziligongana. Ting… ting…

Sikugeuza kichwa. Mwili ulinisisimka mpaka kisogoni, sitaki kudanganya.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "zamu yangu imefika."

"Huna zamu kwenye gari hili."

"Baba yako alinipa."

"Na wewe ulimpa nini?"

Bangili zikanyamaza, ingawa gari lilikuwa bado linaruka.

Kona ikatokea. Upande mmoja ukuta wa mlima. Upande wa pili… hakuna kitu. Ukungu tu. Nikakanyaga.

Pedali haikushuka.

Nikakanyaga tena kwa nguvu zangu zote. Ngumu. Na haukuwa ugumu wa chuma, chuma nakijua. Kulikuwa na kitu kinasukuma kutoka chini, kinapanda, na kupitia soli ya kiatu changu nilikisikia waziwazi.

Unyayo.

Unyayo wa mtu, mtupu, wa baridi, umebana wangu kutoka upande wa pili. Penye vidole vyangu palikuwa na kisigino chake. Vidole vyake vilikuwa huku nyuma, kwenye kisigino changu… vinakunjika.

Gari likazidi kasi. Mitungi ikagongana nyuma, gunia likanipiga mgongoni. Chini ya ile shali, akaanza kuimba polepole wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao.

Niliogopa. Lakini hasira ilinizidi. Nilimwona baba, mguu ameuinua kwa adabu zake zote, anangoja breki ambayo hakuna wa kumrudishia. Nikaung'ang'ania usukani, nikainuka kwenye kiti, nikasimama juu ya ile pedali na uzito wangu mzima.

"Ulikufa, pole," nikamwambia. "Hukuuawa na sisi. Toka."

Tukasukumana. Kisigino chake kikateleza kidogo… kidogo…

Kikaachia.

Pedali ikazama, ngoma zote nne zikalia kwa pamoja, gari likaburuzika kwenye mawe na kusimama. Gurudumu moja la mbele lilikuwa linaning'inia hewani. Mawe yakaporomoka kutoka chini yake. Sikuyasikia yakifika.

Kiti kilikuwa kitupu. Kamba ya mlango haikuguswa.

Mjomba Singbir, aliyekuwa anateremka nyuma yangu, alinikuta bado nimesimama juu ya pedali. Ilibidi anishike mguu kwa mikono miwili kuniondoa.

"Hewa kwenye mabomba ya breki," akasema. "Hukuitoa vizuri."

"Hewa hulainisha pedali, Mjomba. Haiifanyi ngumu."

Akamulika tochi chini ya mlango wa kushoto. Kwenye matope palikuwa na nyayo za miguu mitupu, zinakuja kwenye gari. Zinazotoka hazikuwepo.

"Shemeji miguu yake imegeuka nyuma mbele," akaninong'oneza. "Zikionekana zinakuja, basi ameondoka."

Nilitaka sana kumwamini.

Asubuhi nilifungua ngoma zote. Hakuna ubovu. Lakini baada ya siku chache pedali ikaanza kuwa nyepesi. Mjomba alilijaribu gari mpaka sokoni, akarudi anachekelea.

"Hatimaye umeweka busta. Laini kama gari la dukani."

"Sijaweka."

Akafungua boneti, akaitafuta busta asiione, akaifunga taratibu. Siku hizi hapandi gari langu.

Wapo wanaosema niliuze. Wapo wanaosema nishukuru, nimepata msaidizi. Msaidizi gani? Anayekukanyagia breki leo ndiye atakayeinua mguu kesho, na mguu wako wakati huo utakuwa umeshasahau kazi. Kwa hiyo kila nikifika juu ya mteremko, nasimamisha gari kwanza na kugusa pedali. Ikiwa laini, nasema, "Shuka kwenye breki yangu." Nayo inapanda polepole chini ya unyayo wangu, mpaka inakuwa nzito, kama nilivyoitengeneza.

Jana alichelewa kushuka.

Abiria wakalalamika, ukungu ukafika kwenye kioo, mmoja akaniuliza kama nimelala. Sikuliteremsha gari hata hatua moja. Nilikaa pale, injini inaunguruma, mpaka akatoa mguu wake.