Mchumba Aliyemkaba Renée Maabara

Kofi la kwanza lilimpata Renée akiwa bado ameshika trei ya seli. Alipepesuka, akajigonga kwenye friji, lakini trei hakuiachia.

"Darrel! Una wazimu?"

"Nafasi ya utafiti wamekupa wewe!" Darrel aliubamiza mlango wa maabara kwa teke. "Mimi niliyekufundisha kazi hii, leo unanipita?"

"Tuliomba wote, mpenzi. Wao ndio waliochagua."

"Usiniite mpenzi!"

Wote wawili walikuwa madaktari, tena wachumba. Harusi ilikuwa inangoja theluji ya jiji lao la Winnipeg iyeyuke. Nafasi ilikuwa moja tu: kuchunguza saratani ya tezi dume isiyokufa kwa mionzi, ile inayochomwa, inanyamaza, kisha inaibuka palepale. Kwenye trei kulikuwa na seli hai za mgonjwa wa namna hiyo. Renée alikuwa amezilea kama vifaranga.

"Ndizo hizo zilizokupa jina? Lete!"

"Nipige mimi, hizi ziache! Mtu amevumilia sindano kuzitoa!"

"Mtu gani?"

Renée akaikumbatia trei. Siri ya mgonjwa haitolewi, na huyu alikuwa amemwapisha.

"Siwezi kusema."

"Basi hana jina."

Akampokonya trei, akaipigiza ukutani. Visahani vikatawanyika, maji mekundu ya kukuzia seli yakachuruzika hadi sakafuni. Renée alipopiga magoti kuokota, Darrel alimkamata nywele, akamgonga uso kwenye ukingo wa meza. Damu ikamfumba jicho. Kisha vidole vikamzunguka shingo.

"Piga simu uikatae! Sema huiwezi!"

Alitaka kujibu, pumzi haikuwepo.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mzee Kornelius Reimer, baba yake Darrel, mkulima wa ngano, aliyetoka kliniki akapanda kumsalimu mkwe wake mtarajiwa. Ukoo wake ulikuwa wa Wamenno, Wakristo wanaokataa kushika bunduki hata serikali ikiwaita vitani.

"Mwachie, mwanangu."

"Toka, baba! Hayakuhusu!"

Mzee alinyanyua kiti cha chuma, akamshushia mwanawe mkononi. Mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Darrel akaanguka akipiga mayowe. Renée naye chini, akitafuta hewa.

"Umenivunja mkono! Wewe, baba? Wewe wa kuhubiri amani?"

"Na wewe umenimwaga ukutani."

"Nini?"

"Hizo seli ni zangu, Darrel. Saratani imerudi. Nilimkataza asikwambie, nikasema mwache kijana aoe kwanza."

Darrel aliutazama ukuta. Mzee akainua simu ya maabara, akawaita polisi.

Katika chumba cha dharura, Renée akishonwa nyusi, simu yake ilitetemeka. Darrel alikuwa kitanda cha upande wa pili, askari mlangoni, naye ameandika kwa mkono mzima:

"Nakupenda Renée. Zilikuwa hasira tu. Waambie uliteleza. Mfikirie baba."

Renée alimsomea mzee aliyeketi kando yake.

"Unataka nisemeje, baba?"

"Sema ulichofanyiwa. Mimi nitasema nilichoona, na nilichofanya. Tukimficha leo, kesho atakuua."

Renée alimkabidhi askari simu. Kisha akamnyooshea nesi kidole kilichovimba tangu trei ilipopokonywa, pete ya uchumba imezama nyamani.

"Kata."

"Kidole au pete?" nesi alijaribu kumchekesha.

"Pete, dada. Kidole bado nina kazi nacho."

Koleo lilipoibana dhahabu ikakatika, Renée aliangua kilio. Alikuwa amempenda yule mwanamume kwa moyo wote. Mapenzi hayafutwi kwa kofi moja, ingawa yanastahili. Mzee akalia naye, bila kuficha.

"Zimekufa zote?" akauliza mwishowe.

"Zote, baba."

"Basi nichomeni sindano tena, mtoe nyingine."

"Unajua inavyouma."

"Najua. Na wewe usithubutu kuiachia hiyo nafasi."

Darrel alikiri mahakamani, akafungwa, leseni yake ya udaktari ikafutwa. Wiki ileile mzee alilala kiubavu kwenye kitanda cha kliniki, ameushika mkono wa Renée, huku daktari mwingine akiandaa sindano.

"Ukipiga kelele tutaelewa, baba."

"Nitapiga sana, mwanangu," alisema Mzee Kornelius. "Lakini nyie msisimame."